Hirizi Iliyonyamaza

Haragwe lile lilikataa kuiva Jumatatu, likakataa Jumanne, na Jumatano likaletwa mezani na msimamo wake uleule. Mize Vuai aliliinua kwa ncha ya kijiko, akalionyesha bwalo zima la Shule ya Bweni ya Ufundi wa Hirizi, akasema kwa sauti ya kadhi anayesoma hukumu:

"Ndugu waombolezaji, leo hatuziki haragwe. Tunazika meno yangu."

Meza ya kidato cha tatu ikaangua kicheko. Mpishi, kwenye dirisha lake, hakucheka. Alisema mvuke wa jikoni umepungua siku hizi, yeye si mchawi, na asiyetaka haragwe ale mwani. Hakuna aliyemsikiliza. Tangu shule za bweni zianze, juu ya nchi kavu au chini ya bahari, hakuna mpishi aliyewahi kuaminiwa katika kesi ya haragwe.

Mize akalitia haragwe mfukoni. Likakauka chini ya mto wake hadi likawa gumu kama kokoto. Na kwa kuwa akili ya Mize haikuweza kulala karibu na kitu bila kukitafutia mtu wa kumtia aibu, haragwe likapata ajira.

*

Somo la Bi Mwatima lilikuwa na swali moja tu, naye aliliuliza kila siku kabla ya kuvua glavu zake za mpira.

"Mnamtengenezea nani?"

Darasa lilikuwa chumba kikavu, chenye hewa ya kuvuta kwa pua kama walivyovuta babu zao kabla ya kuhamia chini. Nje ya dirisha mtaa wa Tumbawe ulikuwa maji matupu. Watu walipita wakiogelea na vikapu vyao, matamvua waliyopandikizwa utotoni yakicheza nyuma ya masikio, na shingoni kila mmoja amevaa pete ya koo, ile inayogeuza maneno kuwa mtetemo ili mtu amtukane jirani yake majini na jirani asikie vizuri.

"Watu wa nchi kavu," alisema Bi Mwatima, "uganga wao ulikuwa na moto, moshi na wino. Leteni hivyo hapa mwone vitakavyowafaa. Sisi tunafanya kazi na ladha, mguso na sauti. Mkulima wa mwani haamini asichokionja, basi hirizi yake huwa chungu ulimini papa akikaribia. Watu wa mapangoni hawaoni, basi yao husisimka mkononi. Na watu wa Ufa?"

"Wanaamini kinachobisha hodi," darasa likaitikia.

"Ndani mna nini?"

"Konokono."

Konokono huyo alilelewa shuleni. Akionja maji ya sumu yanayotoka kwenye Ufa, ule mpasuko wa sakafu ya bahari wanakochimba, hujikunja kwa hofu na kugonga kifuniko cha hirizi: tak, tak, tak. Mchimbaji akisikia, anarudi nyuma. Konokono aliwekwa kati ya makombe mawili madogo yenye vitundu, pamoja na uji wa mwani wa kumtosha msimu mmoja, kisha makombe yakafungwa kwa nta. Madarasani waliita kitu hicho ufundi. Mtaani waliita uganga. Shule haikuwahi kusahihisha mtu.

"Kwa nini hatuwaambii kuna konokono?" Mize aliwahi kuuliza.

"Kwa sababu Maalim Mkuu anasema mtu hamvulii kofia konokono," alijibu Bi Mwatima, na uso wake haukuonyesha kama anakubali.

Kila mwanafunzi alipewa konokono wake wa kulea kwa ajili ya Siku ya Wageni. Wa Mize, kama alivyoandika kwa heshima zote katika maelezo yake ya kujitetea, "alitoroka bweni bila ruhusa ya matroni." Alibaki na makombe matupu na haragwe.

Shabaha haikuwa mchimbaji yeyote. Shabaha ilikuwa Maalim Mkuu Shaame. Kila Siku ya Wageni, Maalim alichukua hirizi moja, akaiweka sikioni, akafumba macho na kutangaza, "Nahisi uhai!" Mize alitaka tu, mara moja katika maisha yake mafupi, kumwona mtu mzima mwenye kanzu ya hariri akihisi uhai wa haragwe la bwaloni. Akaziba vile vitundu kwa nta ili lisioze na kunuka kabla ya sherehe. Akaipaka rangi nzuri kuliko zote.

Mambo yakaenda kama alivyopanga. Maalim akachukua, akafumba macho.

"Nahisi uhai!" alisema. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuwahi kuliongeza: "Uhai wenye subira."

Raya, rafiki yake Mize wa kitanda cha juu, alibanwa na kicheko hadi akatolewa nje kama mgonjwa.

Kilichokuwa nje ya mpango ni Machano. Alikuwa mchimbaji wa Ufa, mrefu, mpole, mwenye makovu ya maji moto mikononi. Alikuja kuchagua hirizi, akasikia sifa, akanyoosha mkono.

"Nitaichukua hii yenye subira," alisema.

Na hirizi iliyochaguliwa hairudishwi kabla ya msimu wake kwisha. Mama wa mchimbaji huifunga mkononi mwa mwanawe kwa uzi uliosokotwa na nywele zake mwenyewe, na fundo lile hafungui mtu mwingine ila fundi aliyeitengeneza, mbele ya watu. Huko Ufa husemwa: anayefunga ni mama, anayefungua ni fundi, katikati ni bahari.

"Mwambie," Raya alinong'ona.

"Nitamwambia," alisema Mize. "Acha kwanza wageni waondoke."

Wageni wakaondoka, na Machano alikuwa mmoja wao.

*

Siku ya kwanza ya kazi, hirizi ya Machano ilibisha. Akarudi nyuma, na mwamba ukaporomoka pale alipokuwa amesimama. Kufika jioni, mji mzima ulikuwa na jina moja mdomoni, nalo lilikuwa la Mize Vuai. Wanawake sokoni walimgusa bega ili wapate baraka. Mwalimu wa zamu, aliyewahi kumwadhibu kwa kuweka samaki hai katika buli la walimu, alimpa salamu kwa mkono wake mwenyewe.

Mize hakuweza kukaa. Alizunguka bweni, akatandika kitanda ambacho tayari kilitandikwa, akafungua makabati ya wenzake bila hata nia ya kuiba.

"Haragwe haliwezi kubisha," alimwambia Raya.

"Basi limebisha."

"Haliwezi!"

Akachukua haragwe jingine kavu, akalifunga kati ya makombe, akaziba kwa nta, akalizamisha kwenye ndoo ya maji ya bahari. Walikaa wawili wakilitazama kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Mwishowe wakasikia. Tak.

Maji yalikuwa yanapenya nta taratibu. Haragwe lilikuwa linakunywa. Kila lilipovimba, lilisukuma kifuniko, na kifuniko kikalia. Siku hiyo, na siku zilizofuata, Machano alikimbia kila hirizi ilipolia, na mara moja tu, kwa bahati ya Mungu, mwamba ulikuwa umeamua kuanguka saa ileile.

"Na likishashiba?" Raya aliuliza.

Haragwe la kwenye ndoo liliendelea kulia, kisha likapunguza, kisha likanyamaza. Walingoja. Halikulia tena.

Mize akahisi baridi, na haikuwa ya hofu peke yake. Ukuta wa bweni wenyewe ulikuwa baridi. Wiki ile nzima mji ulikuwa unapoa. Bomba kuu lililoleta joto kutoka Ufa lilikuwa linaziba huko chini, na katika nyumba ya watoto wachanga walezi walikuwa wanalala wamewakumbatia watoto wawiliwawili. Yule mpishi hakuwa mvivu wala mchawi. Alikuwa shahidi.

Asubuhi iliyofuata tangazo likapigwa mtaani. Machano angeshuka kulizibua bomba kwenye kinywa chake, mahali ambapo sumu ilikuwa nyingi na wachimbaji wengine wamekataa. Alipoulizwa kwa nini haogopi, alisema hirizi yake imetulia. Siku za karibuni haijabisha hata mara moja. Njia ni safi.

*

Maalim Shaame alimsikiliza Mize hadi mwisho bila kumkatiza. Hiyo ilimtisha kuliko viboko.

"Haragwe," alisema.

"Ndiyo, Maalim."

"Nami nikasema nahisi uhai."

"Wenye subira, Maalim."

Mzee akavua kofia yake ya viua iliyotariziwa, akaiweka mezani, akaonekana ghafla kama babu wa mtu.

"Mwanangu, kabla ya shule hii watu wa Ufa walikuwa wanazikwa kila msimu. Hawakuwa wanavaa chochote. Tuliwapelekea konokono wakacheka: 'Tushikwe mkono na mdudu?' Tukamficha, tukamwita uganga, wakavaa. Tangu siku hiyo wanarudi nyumbani. Sasa wewe nenda kafungue fundo mbele yao, waone haragwe. Unadhani watatupa moja?"

Mize aliitazama ile kofia mezani.

"Watazitupa zote. Utamwokoa Machano leo, na mwezi ujao wataletwa kumi wa kuzikwa, wasiokuwa na kitu mkononi. Hesabu hiyo utaifanya wewe?"

"Basi tumbadilishie kwa siri."

"Fundo la mama yake utalikata wapi kwa siri? Usingizini hulivaa, kazini hulivaa."

"Basi umzuie asiende!"

"Na watoto wapate wapi joto?" Maalim aliuliza, wala hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli. Alisugua uso. "Rudi darasani. Nitafikiri."

Mize alitoka. Alikuwa amekaa bwenini miaka ya kutosha kujua kwamba mkubwa akisema atafikiri, mdogo ameshajibiwa. Akasimama kwenye mlango wa maji, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ubaya ni kwamba Maalim hakuwa mjinga. Kama angekuwa mjinga, kazi ingekuwa nyepesi. Mize alijaribu kuwafikiria hao kumi wa mwezi ujao, akakuta hawana nyuso. Machano alikuwa na uso. Alikuwa na makovu mikononi, na alisema asante alipopewa haragwe.

Hakujua kama hiyo ni hoja au ni udhaifu. Akavaa pete ya koo, akajitosa.

*

Midomo ya Ufa ilikuwa imejaa watu. Maji yalikuwa ya kijivu, yenye ladha ya kiberiti, na taa za mikononi zilining'inia humo kama macho ya samaki. Machano alikuwa ameshakaa ukingoni, miguu ikielekea gizani. Mama yake, Bi Kazija, mwanamke mfupi aliyewahi kuwa mchimbaji mwenyewe, alikuwa anakagua fundo kwa mara ya mwisho.

"Fundi mwenyewe kaja!" mtu akapaza. Wakamgongea makombe kumshangilia.

"Shikamoo, Bi Kazija," alisema Mize.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumbariki?"

"Nimekuja kufungua."

Makombe yakaacha kugongwa. Machano akamtazama kwa upole uleule.

"Haijabisha, dada," alisema. "Iko salama. Mbona unataka kunivua nikiwa mlangoni?"

"Kaka Machano, hiyo haitabisha tena. Hata sumu ikukalie kichwani haitabisha. Nipe mkono."

Alinyoosha mkono, kwa sababu fundi akiomba hanyimwi. Nywele za mvi za Bi Kazija zikamkatalia Mize mara mbili, kisha fundo likalegea. Akachomoa kisu kidogo cha darasani, akapasua nta, akatenganisha makombe.

Haragwe lilitoka limenona, jeupe, limepasuka ngozi. Likateremka polepole mbele ya taa zote, bila haraka, kama mgeni rasmi. Bi Kazija akalidaka.

"Nini hiki?"

"Haragwe, Bi. La bwaloni. Nilikuwa nataka kumcheka Maalim."

Bi Kazija akalitazama, akaligeuza, na mbele ya ukoo wake wote akaling'ata. Akatafuna kidogo. Akatema.

"Na bado bichi," alisema.

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko cha hofu, kikakatika. Machano alikuwa anatazama giza lililo chini ya miguu yake. Aliivuta miguu ile, mmoja baada ya mwingine, akaikunja ukingoni.

"Lakini nililisikia likibisha," alimwambia Mize, kama anayemwomba ayakanushe aliyoyasema.

"Lilikuwa linavimba."

"Na mwamba?"

"Bahati."

Kijana mmoja mchimbaji, Mkadamu, alikuwa tayari anavuta uzi wa hirizi yake kwa meno. "Nilisema mimi! Tumefungwa maharage! Zitupeni zote!"

Ndiyo hayo aliyoyasema Maalim, na yamekuja mbio kuliko alivyosema. "Usitupe!" Mize alipiga kelele hadi pete ikamkwaruza koo. "Yako si haragwe! Zenu zina konokono. Konokono mzima, akionja sumu anagonga. Wallahi ni kweli. Mwongo ni mimi, yeye si mwongo!"

"Konokono," alisema Mkadamu, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa upya.

"Leta hapa," Bi Kazija alimwamuru. "Fundi, fungua na hii."

"Si kazi yangu hiyo, Bi. Aliyeitengeneza ni..."

"Leo umevunja adabu zote. Hiyo moja unaiachia nani? Fungua."

Mize akapasua nta ya Mkadamu. Ndani mlikuwa na konokono. Hakugonga, hakujikunja, hakufanya lolote. Alikuwa ganda lenye tope jeusi. Mize akaligeuza, akaligonga kwa ukucha, akajua.

"Amekufa," alisema. "Zamani. Uji umekwisha. Huwa wa msimu mmoja. Umeivaa muda gani?"

"Ilikuwa ya baba," alisema Mkadamu. Ubishi ulikuwa umemtoka. "Haikuwahi kubisha. Tulisema ni nzuri sana."

Hapo watu wakaanza kujisogeza wenyewe. Mikono ikanyooshwa, mmoja baada ya mwingine. Shule ilisema kila msimu hirizi zirudishwe zibadilishwe, lakini shule haikusema kwa nini, na hirizi iliyonyamaza ndiyo hirizi nzuri, nani airudishe? Mize alipasua nta hadi kisu kikawa butu. Huyu hai. Huyu amekufa. Huyu amekufa. Huyu hai, amekonda, akanyoosha vipembe vyake viwili kwenye mwanga kama aliyeamshwa kabla ya kengele.

Maalim Shaame alifika kanzu ikimpepea majini, Bi Mwatima nyuma yake. Aliona makombe yaliyotapakaa ukingoni, akaona yale yenye tope jeusi, na mdomo wake, uliokuwa umeandaa hotuba, ukajifunga. Alikaa chini katikati ya watu. Hakuna aliyewahi kumwona akikaa chini.

"Sikujua," alisema.

"Hakuna aliyejua," alijibu Bi Kazija. "Ndiyo kazi ya kitu kisichofunguliwa."

Machano alikuwa amemchukua yule konokono aliyekonda, amemweka kiganjani kati ya makovu yake.

"Huyu anakula nini?"

"Mwani laini," alisema Mize. "Ule mchanga, wa ncha. Na asiwekwe gizani siku nzima."

"Ana jina?"

"Hatuwapi majina."

"Atapata." Akamgeukia mama yake. "Watoto wana baridi, mama. Nifungie."

"Mdudu huyu?" aliuliza Mkadamu.

"Mdudu huyu anaogopa kufa," alisema Machano. "Mimi namwamini mwenye kuogopa kufa. Haragwe halikuogopa kitu."

Bi Kazija akang'oa unywele mpya, akafunga. Safari hii makombe hayakutiwa nta, uzi tu, na kila aliyetaka alichungulia ndani. Machano akateremka. Taa yake ikawa nukta, kisha ikatoweka.

Ndipo Bi Kazija akamkamata Mize kifundo cha mkono. Alitia nusu ya haragwe, lenye alama ya jino lake, ndani ya yale makombe yaliyopakwa rangi nzuri, akayafunga mkononi mwa msichana kwa uzi na nywele zake mwenyewe, fundo juu ya fundo.

"Bi, na hili atalifungua nani?"

"Anayefungua ni fundi," alisema Bi Kazija. "Na fundi wa hili ni mimi. Mimi si mwepesi wa kufungua. Kuanzia kesho, konokono wote wa Ufa wana mlezi. Ukisahau kumlisha mmoja, utalitazama hilo."

"Ndiyo, Bi."

"Sasa nyamaza tusikilize."

Wakasikiliza. Mize aliweka kiganja juu ya bomba kuu, lililokuwa baridi kama ulimi wa maiti. Majini sauti husafiri mbali, lakini kutoka chini hakukuja kitu. Alijaribu kukaa sawa, akashindwa. Alifikiria kwamba huenda yule konokono alikuwa dhaifu mno, kwamba huenda hana nguvu ya kugonga, kwamba kwa mara ya pili amempa mtu yuleyule ukimya wa uongo. Bi Mwatima alikuja akakaa karibu naye, akamuuliza polepole, bila glavu:

"Unamtengenezea nani?"

Kabla hajajibu, kikapanda kishindo kutoka gizani, kidogo, cha haraka, chenye hofu: tak, tak, tak.

Umati mzima ukasogea ukingoni. Kukawa na kukwaruza kwa mtu anayerudi nyuma, akigeuka, akitafuta njia nyingine. Kugonga kukapungua. Kukakoma. Ukimya ukarudi, lakini safari hii Mize aliusikiliza akijua ndani yake kuna mnyama mdogo aliyekonda, macho wazi, anaonja maji kwa niaba ya watu wote.

Wakaendelea kungoja. Mkono wa Mize ulikuwa bado juu ya bomba pale chuma kilipotetemeka kwa maji moto yaliyoanza kupita, mara moja, kama tumbo la mtu mwenye njaa aliyesikia sahani.